Shajara ya mradi: viota vya njule katika msitu wa maweni, kusini mwa Unguja

Februari, kaskazi

Tumeanza. Mradi ni wa klabu ya mazingira ya skuli yetu pamoja na vijana wa kamati ya msitu ya shehia, na kazi yake ni moja: kujua njule, mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu, anajenga wapi, anajenga wakati gani, na kitu gani kinamhamisha. Hatumkamati, hatumtegi, hatumtii alama yoyote. Tunatafuta viota vyake na kuviandika.

Mahali petu ni msitu wa kijiji uliopakana na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 ikiwa na kilomita za mraba 50. Wageni wakija Jozani hutazama juu matawini wamwone kima punju, na kweli anastahili kutazamwa, maana hapatikani asili yake popote ila Unguja. Sisi tumeamua kutazama chini.

Nimwandike mnyama mwenyewe, kwa sababu hata wanafunzi waliozaliwa hapa wengi wao wanamjua kwa mchakacho wa majani tu, wakigeuka keshapotea. Njule ana uzito wa karibu nusu kilo. Kichwa na mabega ni mekundu ya kutu, sehemu ya nyuma ni nyeusi, miguu ni myembamba na mirefu, na pua ni ndefu, laini, haitulii hata kidogo. Kutwa nzima anaisukuma pua hiyo chini ya majani makavu, akikuta harufu anachimba kijishimo kwa kucha za mbele na kulamba alichokipata kwa ulimi unaofika mbele ya pua: mchwa, siafu, mbawakavu, buibui, tandu, nyungunyungu. Bocage, mwanazuolojia Mreno, ndiye aliyempa jina la kisayansi, Rhynchocyon petersi, mwaka 1880. Namna ya kwetu ikapewa jina la adersi mwaka 1912, kwa heshima ya Aders, mwanabiolojia wa serikali ya Zanzibar wa zama hizo, ambaye jina lake limo pia katika jina la kisayansi la paa nunga.

Niliandika ubaoni siku ya kwanza, na nitaendelea kuandika kila akija mwanachama mpya: njule si panya. Si ndugu wa panya wala wa kirukanjia. Uchunguzi wa vinasaba umemweka katika ukoo mmoja wa kale wa Afrika pamoja na tembo, nguva, mhanga na perere. Perere anayelia usiku juu ya miti yetu yuko karibu zaidi na njule kuliko panya yeyote wa darini. Darasa lilikaa kimya, kisha wakaanza kubishana, nami nikawaacha wabishane mpaka kengele.

Machi, kabla ya mvua

Kazi ya viota inataka macho yaliyofundishwa, na aliyetufundisha ni mzee mmoja wa kijiji, msasi wa zamani. Alisimama kwenye njia, akaashiria kwa ncha ya fimbo mahali ambapo sisi sote tuliona majani tu. "Tazameni yanavyolala, wanangu. Ya upepo yanalala ovyo. Haya yamekusanywa." Akatuonyesha mwinuko mdogo, upana wake kama mita moja, na pembezoni mwake ardhi imepungua majani kwa sababu yamevutwa kuelekea katikati.

Ndivyo njule anavyojenga. Anachimba kishimo kifupi mfano wa bakuli, anakitandika majani, kisha anavuta mengine kutoka pande zote na kuyarundika juu. Ndani analala peke yake usiku. Hufanya kazi hiyo alfajiri, majani yakiwa bado na umande. Jani lililoloa halipigi kelele, na mnyama anayejenga nyumba chini, pasipo mlango wala ukuta, hana haja ya kutangaza anakolala. Baada ya siku chache, rundo lenyewe hushuka na kufanana na sakafu yote ya msitu.

Halali kiota kimoja siku zote. Ana kadhaa kwa wakati mmoja na huhama kutoka hiki kwenda kile baada ya siku chache, hivyo chatu au fungo aliyepata harufu leo hana hakika ya kesho. Mambo haya yanajulikana vizuri hasa kutokana na kazi ya Galen Rathbun, Mmarekani aliyemfuatilia njule mwenye matako ya rangi ya dhahabu huko Gedi, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1970. Gedi ni magofu ya mji wa Waswahili juu ya mawe ya matumbawe, na kwa hiyo ukisoma alivyoueleza msitu ule unauona wetu. Mwaka 1994 yeye na mtafiti mwenzake Clare FitzGibbon walieleza namna ya kukadiria wingi wa njule kwa kuhesabu viota, na hiyo ndiyo njia tunayoifuata.

Faida yake kubwa ni kuwa njule hulala usiku na hutembea mchana. Tukipita saa nne asubuhi mwenye nyumba yuko kazini, hatumwamshi mtu. Isipokuwa mtoto. Mtoto mdogo hukaa kiotani mchana, kwa hiyo sharti letu halina mjadala: hakuna kufukua, hakuna kuchoma fimbo ndani, hakuna kunyanyua jani hata moja. Tunasimama umbali wa hatua mbili, tunachukua mahali kwa simu, tunaandika kina cha majani pembeni kwa rula, aina ya kichaka kilichofunika juu, na umbali wa njia ya kuni iliyo karibu. Basi, tunaondoka.

Tunatembea kwa mstari, kila mmoja anamwona mwenzake kulia na kushoto. Maweni hayataki haraka. Jiwe linakata viatu, na udongo upo kwenye vishimo vya baina ya mawe tu. Tumeanza kuona kwamba viota navyo vimo humo humo, kwenye mifuko ya udongo ambamo majani hukusanyika. Juu ya jiwe tupu hakuna kitu.

Aprili na Mei, masika

Mvua imetufungia nje ya msitu muda mwingi. Majani yakiloa kutwa huwezi kutofautisha kiota cha jana na cha mwezi uliopita, na daftari linageuka uji. Tumeutumia muda kwa masomo.

Msichana mmoja ambaye bibi yake anaishi Wete aliuliza swali zuri kuliko yote ya muhula: kwa nini Pemba hakuna njule, na Ngezi ni msitu mkubwa wenye majani tele? Nilimwomba anisubiri wiki moja, nikaja na ramani ya kina cha bahari.

Jawabu liko chini ya maji. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, na mkondo wa baina yetu na Bagamoyo ni wa kina kidogo. Zama za barafu zilipokuwa zimefunga maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa imeshuka zaidi ya mita 100 kuliko leo, na palipo na madau sasa palikuwa pakavu. Njule alifika kwa miguu. Bahari ilipopanda, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, akabaki huku pamoja na wanyama wengine wa msituni. Mafia nayo imekaa juu ya ukingo huo huo, na njule yupo. Lakini baina ya Pemba na bara pana mfereji wa mamia ya mita, na Pemba imekuwa kisiwa kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo wanyama wake ni wachache zaidi ila wana upekee wao, kama popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani. Perere yuko Pemba pia, kwa hiyo ukoo wa njule una mwakilishi wake kule.

Tulichora kwa chaki sakafuni: bara, ukingo, mfereji. Watoto wakasimama juu ya ukingo, tukaipandisha bahari kwa kamba ya buluu. Waliobaki Unguja walifurahi sana. Mmoja aliyejichagulia kusimama Pemba akasema yeye ni popo, atavuka tu, na akavuka.

Juni, kipupwe

Kamera zimefika, za kuazima kwa wahisani ambao hawakutaka kutajwa. Ni zile zinazojipiga zenyewe kiumbe chenye joto kikipita mbele yake. Kamera za namna hii ndizo zilizompiga picha kwa mara ya kwanza njule wa Udzungwa mwaka 2005, mkubwa kuliko wote, uzito wa gramu 700 hivi. Alitambulishwa rasmi mwaka 2008. Mnyama wa ukubwa huo aliishi Tanzania hii hii bila sayansi kumjua mpaka karne hii. Nalisema hili kila nikisikia mtu anasema msitu wetu umeshachunguzwa wote.

Tumezifunga chini kabisa, urefu wa goti, zikitazama njia za wanyama na si viota. Kwenye viota hatuweki. Harufu yetu na kukanyaga kwetu kunatosha kumwonyesha mbwa njia.

Picha za kwanza zimetupa furaha kubwa. Njule anaonekana baada ya jua kutoka, saa moja na saa mbili asubuhi, tena alasiri. Usiku hayupo kabisa, kama ilivyotarajiwa. Katika picha moja ameinua mguu mmoja wa mbele, pua imepinda upande, mkia umenyooka. Wanafunzi wameichapisha wakaibandika mlangoni mwa darasa.

Magharibi inapoingia anakuja mwingine: sange wa vidole vinne. Huyu ni mdogo zaidi, uzito wake kama gramu 200, rangi ya kahawia yenye weupe kuzunguka jicho. Ni jamaa wa njule lakini tabia mbali. Sange hajengi kiota cha majani. Ana vijia vyake alivyovifagia chini ya vichaka, na maisha yake ni kuvijua vijia hivyo, ili hatari ikija ghafla ajue pa kukimbilia. Akiona kitu hupiga miguu ya nyuma chini kwa mfululizo. Njule yeye hupiga mkia juu ya majani makavu. Yule msasi mzee alikuwa akizitambua sauti hizi mbili tangu zamani, alipoona picha alitikisa kichwa tu akasema, "Ndiyo hao."

Wengine waliopita mbele ya kamera: panya buku, paa, kanga, paka waliohama majumbani, na mbwa. Mbwa wengi kuliko nilivyopenda kuona.

Julai

Mwezi wa kazi nyingi na maneno machache. Mistari yote imepitiwa. Vichaka vya mdaa na mlapaa vinaongoza kwa viota. Betri ni tatizo, hewa ya chumvi inazila.

Agosti

Mama mmoja wa kamati ameniuliza jambo ambalo naona ndilo kiini cha mradi wote. Alisema: "Mwalimu, panya shambani kwangu nawaua kila siku na hawaishi. Huyu wenu mnamwogopea nini?"

Nimemjibu kwa kuwalinganisha na wanyama wa mbali, kwa sababu hesabu yao imeandikwa vizuri. Ulaya kuna vijipanya vya majanini viitwavyo voli, vyenye mkia mfupi na masikio yaliyozama manyoyani. Voli wa kawaida wa mashambani hubeba mimba kwa siku 20 hivi, huzaa watoto wanne, watano au zaidi kwa mkupuo, na binti yake huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwezi mmoja. Ndiyo maana katika nchi zile idadi yao hufurika kila baada ya miaka michache, mashamba yakaliwa, kisha ikaanguka. Bundi, mbweha na vicheche wa kule wanapanga uzazi wao kwa kufuata mafuriko hayo. Mnyama wa namna hiyo ukimpunguza leo, kesho kutwa amejaza pengo.

Njule hafanani naye hata kidogo. Huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, baada ya mimba ya wiki sita hivi. Mtoto hukaa kiotani kama wiki tatu, kisha humfuata mama siku chache na kuanza kujitafutia. Jamaa yake wa Gedi ameonekana kuishi kwa jozi, dume mmoja na jike mmoja, kwenye eneo lao la hekta moja na nusu au zaidi kidogo. Jozi wanalilinda eneo kwa pamoja lakini kila mtu kivyake: dume humfukuza dume, jike humfukuza jike. Hawalali pamoja wala hawatembei pamoja sana. Wanajuana kwa harufu wanazoacha njiani. Kijana akikua lazima atafute eneo lisilo na mwenyewe, na asipolipata hazai.

Kwa hiyo eneo likifyekwa, hawezi tu kuhamia kwa jirani, kwa sababu kwa jirani kuna wenyewe. Na mbwa akiua mmoja wa jozi, pengo lile linasubiri kijana kutoka mahali pengine, avuke njia, mashamba na nyumba mpaka afike. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kuni basi atatoa wapi. Ni swali la haki na silikwepi. Nimeliandika hapa ili tulijibu.

Septemba

Nimekaa na madaftari yote mezani. Kinachojitokeza ni kina cha majani. Miti mikubwa ikiwepo na chini pakawa pamefyekwa, viota hakuna. Miti ikiwa midogo, hata ile ya maweni isiyozidi kimo cha mtu na nusu, lakini vichaka vimeshikana na majani yamelala kwa kina, viota vipo. Tulizoea kupima uzima wa msitu kwa miti. Njule anapima kwa kilichodondoka kutoka kwenye miti, na kwa kivuli kinachokizuia kisikauke upesi.

Ukifikiri, ndivyo inavyopaswa kuwa. Wadudu wake wamo humo, nyumba yake imejengwa kwa hayo, na mchakacho wa majani ndio unaomwambia kuna kitu kinakuja. Ondoa majani na umemwondolea chakula, nyumba na mlinzi kwa pamoja.

Yanaondokaje? Hapa kwetu ni kwa njia tatu. Ya kwanza ni kufyeka vichaka kwa ajili ya kuni, mkaa na matanuri ya chokaa. Tanuri moja linakula magogo mengi, na wakataji hupitisha panga chini kwanza ili wapate pa kupita. Ya pili ni moto wa mashamba ya maweni unaovuka mpaka wakati wa kiangazi. Ya tatu ni njia zenyewe: kila njia mpya ya kuni inapanua ukingo, jua linaingia, upepo unafagia majani. Na njia ile ile ndiyo anayoipita mbwa. Kamera zetu za kwenye njia mpya zina picha nyingi za mbwa, za ndani vichakani karibu hazina.

Kuhusu wasasi, nataka niwe mwadilifu. Usasi wa mbwa na nyavu ni wa kale Unguja, una wakubwa wake na taratibu zake, na wakulima wanauhitaji kwa ajili ya nguruwe mwitu na kima wanaoharibu mazao. Lakini mbwa hachagui. Akimkuta njule humrukia, na msasi mwenyewe hana faida naye. Tumezungumza na wazee wawili wa usasi wa hapa. Walitusikiliza kwa heshima. Wamekubali kutoingiza mbwa upande wa mashariki wa msitu, ambako hata hivyo nguruwe ni haba.

Oktoba, mwanzo wa vuli

Kikao cha kamati ya msitu kimefanyika chini ya mwembe, mbele ya sheha. Tulipeleka ramani, picha na mapendekezo ya ukurasa mmoja. Wanafunzi ndio waliozungumza. Mimi nilishika ramani.

Pendekezo letu: ukanda mmoja, ule wenye viota vingi, uachwe vichaka vyake. Miti mikavu iliyosimama ichukuliwe kwa zamu, lakini pasifyekwe chini, pasichomwe majani, wala pasikatwe njia mpya. Msitu huu una mkataba wa usimamizi wa jamii na serikali, na mpango wake una ukanda wa kuhifadhiwa na ukanda wa matumizi, kwa hiyo hatukuomba sheria mpya. Tuliomba mpaka wa kanda hizo usogezwe kidogo.

Majadiliano yalichukua muda wote wa alasiri. Kijana mmoja mkataji alisema, kwa haki, kwamba maneno ya kuhifadhi huja kila mwaka na mzigo humwangukia yeye. Mzee msasi ndiye aliyemjibu. Alisema msitu wa utoto wake ulikuwa ukitembea alfajiri unasikia njule wanakimbia pande zote mbili za njia, na sasa mtu anatembea mpaka jua linapanda kabla hajasikia mmoja. Hakuongeza kitu. Sheha akauliza nani anapinga ukanda uachwe kwa kipindi cha majaribio, na hakuna aliyenyoosha mkono. Suala la kuni la yule mama wa Agosti limepata jibu la nusu: kamati itaotesha mivinje kwenye ardhi iliyochoka nyuma ya skuli, na mpaka ikue, zamu za miti mikavu zitawatanguliza wanawake wasio na shamba la miti.

Novemba

Mvua za vuli zimeshika, majani yameloa, tumesimamisha mistari. Kamera zimerudishwa kwa wenyewe. Mipaka ya ukanda imepakwa chokaa kwenye mawe, kazi iliyofanywa na wakataji wenyewe pamoja na wanafunzi wa darasa la juu.

Miche ya mivinje iko kwenye mifuko, kwenye kivuli cha ukuta wa skuli. Wanaomwagilia ni wa zamu, majina yako ubaoni.

Mstari mmoja umebaki bila jibu: kule upande wa ghuba, msitu unapokutana na mikoko, tumekuta viota vichache ambapo majani ni haba na udongo una chumvi. Hatukuvitarajia. Tumeviwekea alama kwenye ramani kwa rangi nyingine. Kaskazi ikirudi, majani yakianza kudondoka na kukauka, tutapita mistari ile ile kwa mpangilio ule ule, ndani ya ukanda ulioachwa na nje yake, kisha tutarudi huko mikokoni na rula.